Metadata za Uoanishaji na Maana ya Mahali: Kuhamisha Huduma za Wavuti za Hifadhidata kwa Mfano wa Kibagabaga, Kigali

Ikisiri

Zana inayotoa taarifa za hifadhidata kupitia huduma za wavuti hutegemea metadata za uoanishaji, yaani maelezo yanayoonyesha kila safuwima ya jedwali inawakilisha nini katika ujumbe unaotumwa. Makala hii inaeleza kinachotokea metadata hizo zinapohamishwa kutoka muundo wa zamani kwenda muundo mpya. Kwa kutumia mfano wa Kibagabaga, inabainisha kuwa data zinaweza kuhama salama huku maana yake ikipotea, na kwamba kuilinda maana hiyo si kazi ya wahandisi peke yao.

1. Utangulizi

Kibagabaga ni jina la akagari katika umurenge wa Kimironko, Wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Ni jina pia la hospitali ya umma iliyopo hapo. Katika mazungumzo, muktadha hutosha kutofautisha eneo na hospitali. Kwa kompyuta, jina hilo ni herufi kumi tu. Kinachoieleza kompyuta kuwa herufi hizo ni kituo cha afya katika jedwali moja, na ni eneo la utawala katika jedwali jingine, ni metadata za uoanishaji. Uoanishaji huu usichanganywe na uchoraji wa ramani: hapa kinachounganishwa ni safuwima na maana yake.

2. Jinsi zana inavyofanya kazi

Mfano mzuri ni EclipseLink, programu iliyotokana na TopLink ya kampuni ya Oracle na kukabidhiwa Eclipse Foundation mwaka 2007. Sehemu yake ya huduma za wavuti husoma majedwali ya hifadhidata na kuzalisha huduma bila mtaalamu kulazimika kuandika msimbo wa Java. Uoanishaji hufanyika mara mbili: kwanza mstari wa jedwali hugeuzwa kuwa kitu cha programu, kisha kitu hicho hugeuzwa kuwa ujumbe wa XML.

Awali kila zana ilikuwa na muundo wake wa kuandika maelezo hayo. Mwaka 2006 kiwango cha JPA kiliweka muundo wa pamoja kwa hatua ya kwanza, na JAXB ikawa kiwango cha hatua ya pili. Sababu ya kuhama ni ya msingi: muundo wa zana moja hueleweka kwa wachache, na wachache hao wakiondoka, taasisi hubaki na faili ambazo hakuna awezaye kuzirekebisha.

Suala hili linaigusa Rwanda moja kwa moja. Mwaka 2012 nchi hiyo ilianza kutumia DHIS2, programu inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, kukusanya taarifa za kawaida za vituo vya afya. Nayo DHIS2 imejengwa juu ya Hibernate, zana nyingine ya uoanishaji, na hutoa data zake kwa mifumo mingine kupitia huduma za wavuti.

3. Mahali maana inapopotea

Upotevu wa kwanza hutokana na yale yasiyoandikwa. Kila muundo una kanuni zake za kujaza pengo. Faili ya zamani isipotaja jina la safuwima, zana hukisia kwa kanuni moja. Muundo mpya hukisia kwa kanuni nyingine. Faili mbili zinazofanana machoni zinaweza kusoma safuwima mbili tofauti.

Upotevu wa pili unahusu sifuri na ukimya. Katika XML, thamani isiyokuwapo inaweza kuonyeshwa kwa alama maalumu au kwa kuachwa kabisa, na chaguo hilo limo katika metadata. Katika taarifa za afya, tofauti hiyo ni nzito. Hospitali ikiripoti vifo sifuri vya uzazi kwa mwezi, hiyo ni habari njema. Isiporipoti, hiyo ni sababu ya kuuliza. Katika DHIS2 sifuri haihifadhiwi isipokuwa kipengele husika kimewekewa alama kuwa sifuri yake ina maana. Alama hiyo ikisahauliwa wakati wa kuhama, hakuna hitilafu itakayoonekana, ila mshauri wa sera hataweza tena kutenganisha kituo kilichofanya vizuri na kituo kilichonyamaza.

Upotevu wa tatu unahusu wakati. Mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 yalipunguza wilaya za Rwanda kutoka 106 hadi 30, na imirenge kutoka 1,545 hadi 416. Safuwima iitwayo “wilaya” ilibaki na jina lilelile, lakini wastani wa watu katika kila wilaya ulizidi mara tatu bila mtoto hata mmoja kuzaliwa. Isitoshe, sheria ya mwaka 2019 kuhusu Jiji la Kigali iliziondolea Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge hadhi ya kuwa na utu wa kisheria. Metadata zisizotaja kipindi cha matumizi hulinganisha visivyolingana.

Namba ya kiwanja nchini Rwanda inaonyesha ugumu huohuo kwa upande mwingine. Namba hiyo hutaja kwa mfuatano mkoa au jiji, wilaya, umurenge, akagari na kiwanja chenyewe. Mtu huisoma kwa urahisi. Hata hivyo, mpaka ukibadilika, ama namba ibadilishwe, ama iendelee kutaja mahali pasipo pake. DHIS2 hufuata njia nyingine: kila kituo hupewa kitambulisho cha herufi na tarakimu 11 kisichobeba maana yoyote, na kwa hiyo hakilazimiki kubadilika mahali panapobadilishwa jina.

4. Umurenge ni kata au tarafa?

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Huduma ya wavuti inayolenga Afrika Mashariki italazimika kuchagua majina ya Kiswahili, na chaguo hilo si la mapambo. Nchini Tanzania tarafa iko juu ya kata. Umurenge ukiitwa kata, akagari ka Kibagabaga huwekwa ngazi ya mtaa. Umurenge ukiitwa tarafa, akagari hupanda na kuwa kata. Neno moja huhamisha ngazi zote za chini yake.

Hatari huanza pale jina la tafsiri linapotumiwa kama ufunguo wa kuunganisha majedwali ya nchi mbili. Mgao wa dawa unaokadiriwa “kwa kila kata” utatoa majibu mawili kwa watu walewale wa Kimironko. Kwa hiyo tafsiri iwe lebo ya kusomwa na binadamu, na ulinganisho wa ngazi uandikwe peke yake, ukionyesha idadi ya watu na mamlaka ya kila ngazi.

5. Hitimisho na mapendekezo

Mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, taasisi iandike kwa lugha ya kawaida maana ya kila safuwima na kipindi inachohusu, kabla faili yoyote haijageuzwa. Pili, yale yote ambayo muundo wa zamani uliyakisia yaandikwe wazi katika muundo mpya. Tatu, huduma ya zamani na mpya ziendeshwe sambamba, na majibu yake yalinganishwe kituo kwa kituo, kwa kuwa jumla ya taifa inaweza kulingana huku makosa mawili yakifutana. Nne, istilahi za ngazi za utawala zijadiliwe na wanaisimu na vyombo kama BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kabla hazijaingia katika msimbo.

Mikataba ya kununua mifumo huhesabu seva, leseni na siku za mafunzo. Metadata za uoanishaji nazo zitajwe humo kama mali ya taasisi ya umma, zikabidhiwe kwake zikiwa kamili, na zisomeke bila kumtegemea aliyeziandika. Bila hayo, hospitali ya Kibagabaga itaendelea kutuma takwimu zake kila mwezi, nazo zitapokelewa, lakini msomaji wa ripoti hatakuwa na uhakika zinahusu nini.