Kompyuta Imekufa: Tuitupe au Tuitengeneze?



Hivi karibuni tulikitembelea kikundi kimoja cha akina mama cha kuweka na kukopa. Tuliwakuta wanabishana. Kompyuta mpakato yao, ile ya kukunja ambayo wengi huiita laptopu, ilikuwa haiwaki. Ndani yake mlikuwa na hesabu za akiba za wanachama wote.

Mmoja alisema, "Tuichome na takataka." Mwingine alisema, "Tumuuzie mtu wa vyuma chakavu, tupate hata sukari." Mweka hazina alikaa kimya. Alikuwa anawaza akiba za watu.

Basi, tuliwashauri hivi.

Kwanza, tafuteni ugonjwa. Kutowaka siyo kufa. Pengine chaja ndiyo mbovu. Azimeni chaja inayofanana na hiyo, yenye volti zile zile, mjaribu. Kompyuta nyingi za zamani zina betri inayochomoka. Itoeni, mtumie chaja peke yake. Ikiwaka, jueni betri ndiyo mbovu.

Pili, okoeni hesabu zenu. Hesabu hazikai kwenye kioo wala kwenye betri. Zinakaa kwenye diski, kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Kompyuta yaweza kufa na diski ikawa hai. Fundi huitoa, akaiunga kwenye kompyuta nyingine, hesabu zikanakiliwa.

Tatu, ulizeni bei kabla ya kazi. Kubadili chaja au betri siyo kazi kubwa. Lakini ubao mkuu wa ndani ukiungua, gharama huwa kubwa. Kama matengenezo yanakaribia bei ya kununua nyingine, acheni. Muuzieni fundi vipuri.

Nne, msiuze diski pamoja na kompyuta. Mambo yaliyofutwa kwa kawaida yanaweza kufufuliwa na mtu mjanja. Toeni diski, muitunze wenyewe.

Tano, msiichome wala kuizika. Betri yake ina lithiamu. Ikitobolewa au kutiwa motoni huweza kulipuka. Ikiwa imevimba, msiichaji tena. Kompyuta za zamani zina madini ya risasi, na vioo vya baadhi yake vina zebaki. Risasi huharibu ubongo wa watoto.

Huko Agbogbloshie, mjini Accra, nchini Ghana, vijana walichoma nyaya kwa miaka mingi ili wapate shaba. Moshi uliwadhuru, na udongo wa pale ukaingiwa na sumu. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme. Zilizokusanywa vizuri hazikufika hata robo.

Hapa Tanzania, muulizeni afisa mazingira wa halmashauri yenu. Atawaelekeza kwa wakusanyaji wenye kibali.

Je, akina mama wale walipata nini? Ubao mkuu ulikuwa umeungua. Lakini diski ilikuwa nzima. Hesabu zote zilipatikana, hata za mwanachama aliyeweka kidogo kabisa. Siku hiyo hiyo mweka hazina alinunua daftari, akaanza kuzinakili kwa mkono. Daftari halihitaji umeme.

Maswali ya kujadili
1. Kumbukumbu za kikundi chenu zimeandikwa mahali pangapi?
2. Kijijini kwenu betri mbovu hutupwa wapi? Watoto huchezea wapi?