Kenya: Fasihi na Ulinzi wa Taifa

Askari hulinda mpaka wa nchi kwa silaha na kwa sheria. Lakini mpaka una maana kwa sababu ndani yake wamo watu wanaojitambua kuwa ni taifa moja. Utambuzi huo hulelewa shuleni, na somo la fasihi ni mmoja wa walezi wake. Historia ya jirani zetu wa Kenya ni ushahidi wa jambo hilo.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Bendera ilibadilika, darasa la fasihi halikubadilika. Miaka mitano baadaye, katika chuo kikuu cha Nairobi, fasihi ilikuwa ingali ikifundishwa chini ya Idara ya Kiingereza, na kitovu chake kilikuwa Uingereza. Kijana aliyekulia katika ngano za bibi yake aliambiwa, pasipo kutamkiwa, kwamba ngano hizo si elimu.

Tarehe 24 Oktoba 1968, wahadhiri watatu, yaani James Ngugi, aliyejulikana baadaye kama Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walitoa waraka wakitaka idara hiyo ivunjwe. Ikumbukwe kwamba hawakudai vitabu vya kigeni vitupwe. Walidai Afrika iwe kitovu, dunia nyingine itazamwe kutoka hapo, na fasihi simulizi ipewe heshima yake. Idara ya Fasihi ikaundwa. Mwaka 1974 walimu walikutana Nairobi kujadili mafunzo ya fasihi ya Kiafrika mashuleni, na mwaka 1985 Kiswahili kikawa somo la lazima.

Hata hivyo, safari haikuwa nyepesi. Mwaka 1977, tamthilia ya Kigikuyu iliyochezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, Limuru, ilipigwa marufuku. Tarehe 31 Desemba, Ngũgĩ, mmoja wa watunzi wake wawili, akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, hadi Desemba 1978. Fasihi ya wananchi iliyokubaliwa darasani iliogopwa ilipotoka uwanjani kwa lugha ya wananchi wenyewe.

Hapo ndipo penye funzo kwa walinzi wa taifa. Fasihi ya taifa si sifa tupu. Ndani yake mna malalamiko ya watu pia. Askari aliyefunzwa fasihi ya nchi yake huyatambua malalamiko hayo kuwa ni sauti ya jamaa zake, wala hamdhanii mtunzi kuwa ni adui. Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Na mtumwa hana taifa la kulinda.