Kabla Hujapuliza Dawa: Mjue Nyuki, Mjue na Nyigu



Msimu uliopita kijana mmoja wa Kamachumu, Muleba, alinipigia simu asubuhi. "Bwana shamba, kibanja kimevamiwa na nyuki. Dawa nimeshachanganya, nipulize?" Nikamwambia weka bomba chini, nakuja.

Nilivyofika nikakuta mibuni imechanua, nyeupe tupu, na nyuki wanavuma kila tawi. Dawa iliyokuwa kwenye bomba ni ya kuua wadudu wa kila aina. Angepuliza, angekuwa amejilipia hasara mwenyewe.

Iko hivi. Kahawa yetu ya robusta haijichavushi. Chavua ya mbuni mmoja haifungi tunda kwenye mbuni huohuo, wala kwenye mibuni ya kikonyo kilekile. Lazima itoke kwenye mbuni wa aina nyingine, na ua lenyewe linakaa siku mbili tatu tu. Upepo unasaidia kubeba chavua, nyuki wanaongeza. Watafiti waliofanya kazi Sulawesi, Indonesia, walionyesha mwaka 2003 kwamba mashamba ya kahawa yenye aina nyingi za nyuki yalifunga matunda mengi zaidi.

Tukazunguka kibanja. Kumbe yule kijana alikuwa anawaita "nyuki" wadudu wa aina tatu: nyuki wa asali kwenye maua, nyigu wenye kiota kama karatasi kwenye kenchi la jiko, na wale weusi wenye kiuno chembamba kama uzi wanaofinyanga udongo ukutani.

Nikabandua kiota kimoja cha udongo. Ndani kulikuwa na buibui wadogo wamepooza, hawajafa, na funza mweupe anawala. Hapo somo likawa rahisi: ukitaka kumjua mdudu, angalia anawalisha nini watoto wake. Nyigu wengi wanawalisha nyama, yaani buibui, viwavi na wadudu wengine. Nyuki karibu wote wanawalisha chavua na nekta.

Wote hawa ni ukoo mmoja, pamoja na siafu na sisimizi. Wataalamu wanauita Hymenoptera. Waliotangulia walikuwa nyigu wenye mrija wa kutagia mayai. Kwenye tawi moja la ukoo mrija ule ukageuka kuwa mwiba wa sumu, ndiyo maana mpaka leo anayeuma ni jike tu. Kisha, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, mimea ya maua ilipokuwa inaenea duniani, kundi moja la nyigu wawindaji likaacha nyama likashika chavua. Hao ndio nyuki. Leo wako zaidi ya aina 20,000, na wengi wanaishi mmoja mmoja, hawana mzinga wala asali.

"Kwa hiyo nyuki ni nyigu aliyeacha nyama?" kijana akauliza. Ndiyo hasa. Na cha kushangaza, yule mfinyanzi wa ukutani ni ndugu wa karibu zaidi wa nyuki kuliko wa nyigu wa kwenye kenchi.

Sasa usimdharau nyigu. Ruhuka, yule mdudu mdogo mweusi anayetoboa tunda la kahawa, ana adui yake: nyigu mdogo sana aitwaye Prorops nasuta. Anaingia kwenye tundu la ruhuka, anamla, na watoto wake wanakula watoto wa ruhuka. Asili yake ni Afrika, na mwaka 1929 Brazil walimchukua hapo jirani Uganda wakamsaidie kwenye kahawa yao. Wenzetu walivuka bahari kumfuata, sisi tunampulizia dawa.

Fanya hivi:

1. Usipulize dawa ya wadudu kahawa ikiwa imechanua. Kagua kwanza, mjue mdudu unayepambana naye. Ikibidi kupuliza, subiri maua yaishe.

2. Ukinunua miche ya vikonyo, usichukue ya aina moja. Waulize TaCRI Maruku uchanganye ipi.

3. Viota vya udongo ukutani viache. Huyo mfinyanzi si mgomvi.

4. Kiota cha nyigu kilicho mlangoni au watoto wanapocheza kiondoe usiku, ukiwa umejifunika vizuri. Kundi la nyuki likitua nyumbani, muite mfugaji nyuki, usichome moto.

5. Mtu akiumwa, akaanza kuvimba uso au kupumua kwa shida, mkimbize kituo cha afya. Usisubiri.

Yule kijana alipoteza dawa ya bomba moja siku ile. Ilimuuma, maana pesa ni yake. Lakini mibuni yake iliendelea kuhudumiwa na wafanyakazi ambao hawadai mshahara. Kesho ukiingia kibanjani, kabla ya kushika bomba, simama dakika tano uangalie nani yuko kwenye maua yako.