Kuhesabu Watu na Lugha Zao: Mfano Kutoka Nyanda za Kanada

Fomu yetu ya maombi ya mradi ina sehemu inayouliza idadi ya watu wa mtaa na lugha wanazosema. Kamati nyingi huandika "Kiswahili" na kuendelea. Katika toleo hili tunaeleza kwa nini jibu hilo peke yake halitoshi, tukichukua mfano wa Kanada, ambako sensa hufanyika kila baada ya miaka 5 na huuliza habari za lugha kwa undani.

Eneo lenyewe

Jimbo la Saskatchewan lina divisheni 18 za sensa. Divisheni ya 4 iko kusini-magharibi, katika nyanda za majani zenye ngano na ng'ombe. Ina watu wapatao 10,000 tu katika eneo linalozidi kilomita za mraba 20,000. Tanzania, kwa sensa ya mwaka 2022, ilikuwa na watu takribani 70 kwa kila kilomita ya mraba. Kule hata mtu mmoja hafiki.

Sababu moja ni kilimo. Kwa sheria ya mwaka 1872, mlowezi aliweza kupata ekari 160 kwa ada ya dola 10. Mwaka 1936 jimbo lilikuwa na mashamba zaidi ya 142,000. Mwaka 2021 yalibaki takribani 34,000, makubwa zaidi na yanayolimwa kwa mitambo. Vijana wengi walihamia mijini.

Maswali matatu

Sensa ya Kanada hutenganisha mambo matatu: lugha ya kwanza uliyojifunza utotoni na ambayo bado unaielewa, lugha unayotumia nyumbani, na lugha unazoweza kuzungumza. Kila swali huonyesha watu ambao swali jingine lingewaficha.

Katika Divisheni ya 4, watu wengi hutaja Kiingereza. Lakini wamo Wahutteri, Wakristo wanaoishi kijumuiya na kumiliki mali kwa pamoja. Nyumbani husema lahaja ya Kijerumani, na mahubiri yao husomwa kwa Kijerumani sanifu. Kwa kuwa wanajua Kiingereza pia, anayeuliza tu "Je, unajua Kiingereza?" hatawaona.

Ponteix na Val Marie ni makazi yaliyoanzishwa na Wakatoliki wasemao Kifaransa. Climax ilianzishwa na walowezi wengi wao wakiwa Wanorwe, Walutheri kama sisi. Wajukuu wao leo husema Kiingereza. Kwao lugha ilififia polepole, nyumba kwa nyumba.

Kwa watu wa Nekaneet, ambao ni Wacree, habari ni tofauti. Kwa miaka mingi, watoto wa wenyeji wa asili nchini Kanada walipelekwa katika shule za bweni za serikali, nyingi zikiendeshwa na makanisa, na huko walikatazwa kusema lugha zao. Serikali iliomba radhi mwaka 2008. Leo wapo wanaojifunza Kicree ukubwani. Hao hawaonekani katika swali la kwanza. Huonekana katika la tatu.

Kwetu sisi

Sensa yetu ya taifa haiulizi kabila, na hilo limesaidia umoja wetu. Hatupendekezi kamati zianze kuorodhesha makabila. Lakini mradi wa afya au wa maji huendeshwa kwa maneno. Ikiwa bibi anayelea wajukuu haelewi vizuri Kiswahili cha semina, maelekezo ya dawa hayatamfikia, hata kama taarifa itasema watu wote walihudhuria.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, wazee wa mtaa waulize kila kaya: Mlikua mkisema lugha gani? Mnasema lugha gani nyumbani sasa? Nani hawezi kufuata mafundisho kwa Kiswahili? Jibu la swali la tatu ndilo litakaloonyesha kama bajeti iweke mkalimani au vipindi vya lugha ya nyumbani.

Jambo la mwisho: Kanada hukadiria hesabu za lugha kwa mafungu ya 5 ili mtu asitambulike. Nasi tupeleke jumla kwa wafadhili, na majina yabaki usharikani.

Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia kwa lugha yake. Kazi yetu ya huduma nayo ilenge hapo.