Likizo Ndefu, Watoto wa Rika Tofauti na Simu Moja ya Mzazi

Shule zikishafungwa mwisho wa mwaka, wengi wetu huanza kuona mambo kwenye ujumbe wa simu: shilingi 50 za chipsi, 20 za bando, 70 za sijui nini, halafu 50 tena. Hakuna aliyefanya anasa, lakini Novemba haijafika katikati na pesa zimepungua. Na Januari iko pale pale, na karo, yunifomu na vitabu vyake.

Shida mara nyingi ni kwamba watoto hawana la kufanya. Tuseme una watatu: mmoja PP2, mmoja Gredi 5, mwingine tayari yuko sekondari. Ukipanga kitu cha mdogo, mkubwa anaona ni utoto. Ukipanga cha mkubwa, mdogo analia. Tunachopendekeza ni kazi moja yenye nafasi tatu ndani yake.

Chukua gunia la sukuma wiki. Mkubwa anachanganya udongo na samadi, wa kati anatoboa matundu na kuhesabu miche, mdogo anamwagilia na mkebe (na kujimwagilia pia, vumilia tu). Miche ikipandwa wiki ya kwanza ya likizo, majani ya kwanza huchumwa baada ya wiki tano au sita hivi, yaani kabla ya Krismasi. Jioni kuna kati, bano na brikicho, na hizo hazina ada.

Kisha kuna bajeti yenyewe. Tenga kiasi cha wiki, hata kama ni shilingi 300, na uwaachie waamue wenyewe. Wakitaka mandazi Jumamosi, mkubwa anaandika orodha ya unga, sukari na mafuta, na kuuliza bei duka mbili. Wa Gredi 5 ndiye karani: kila ukilipa, msomee ujumbe wa muamala, naye aandike kwenye daftari tarehe, kiasi, ada na salio la bajeti yao. Mwonyeshe pia jedwali la ada, umuulize: kutuma mara moja au mara tatu, gani nafuu? Jibu hubadilika kulingana na kiasi, kwa hivyo itabidi apige hesabu kweli. Wa PP2 afungue duka lake la vizibo vya soda. Yeye ndiye wakala.

Sasa tuzungumze kuhusu simu, maana hapa ndipo pesa nyingi zinaweza kupotea kwa dakika mbili. Mtoto akishinda na simu yako akitazama katuni, yeye ndiye atakayepokea ile simu ya "nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie". Mtoto mwenye adabu atataka kusaidia. Walaghai wanalijua hilo.

Fanyeni igizo. Mkubwa awe tapeli (ataipenda hiyo kazi), wadogo wapokee simu. Alie, atishe, aseme yuko hospitali, aseme ni mfanyakazi wetu. Wadogo wajifunze sentensi moja tu: "Ngoja nimpe mama," kisha wakate. Wewe nawe uonyeshe hatua inayofuata: usiamini ujumbe uliotoka kwa nambari ya mtu binafsi, angalia salio mwenyewe, na kama kweli pesa zimeingia, usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyetuma apigie huduma kwa wateja. Sisi hatutakuuliza PIN yako kamwe, iwe ni mchana au usiku.

Tukiwa hapo kwa PIN: kama yako ni mwaka aliozaliwa kifungua mimba, huyo mtoto anaijua tayari. Ibadilishe leo, na ukiiweka, funika simu kwa mkono hata mbele ya wa PP2, kwa sababu wanaona vidole vinakokwenda. Kwa kijana wa sekondari, kaa naye pembeni mzungumze kuhusu kamari ya mtandaoni. Kisheria ni ya waliotimiza miaka 18, na hata hivyo marafiki watamwambia ni njia ya mkato.

Nambari ya huduma kwa wateja iandike kwa herufi kubwa, uibandike ukutani, chini kidogo, pale ambapo hata mdogo anaifikia.