Je, Wajua? Jaji Ginsburg alifunzwa haki tangu utotoni

Ruth Bader Ginsburg, aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1933, ndiye mwanamke wa kwanza Myahudi kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Aliteuliwa mwaka 1993.

• Alipokuwa mtoto, aliona huko Pennsylvania kibao cha hoteli kilichopiga marufuku mbwa na Wayahudi.

• Mama yake, Celia, alifanya kazi ili kumsomesha kaka yake (mjomba wa Ruth) chuo kikuu, ilhali yeye mwenyewe hakwenda. Ndiye aliyemzoesha bintiye kwenda maktaba.

• Mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 13, Ruth aliandika katika gazeti la shule kuhusu Amri Kumi, Magna Carta na Mkataba wa Umoja wa Mataifa.

• Miaka ya 1970, akiwa wakili, aliwasilisha mbele ya Mahakama ya Juu hiyohiyo kesi 6 za usawa wa kijinsia, akashinda 5.

• Alipokuwa jaji, alitundika ofisini mwake amri ya Kumbukumbu la Torati 16:20, inayowataka watu kuiandama haki.

Mzazi, samaki mkunje angali mbichi: mfunze mwanao haki leo.