Ukienda Ujiji, Tazama Mwezi Kwanza

Ndugu msomaji, huenda nawe umo katika kundi la wale wanaoshuka garimoshi Kigoma, mwisho wa reli, njaa ya safari ikiwauma, na neno la kwanza wanalomwambia mwenye mgahawa ni chipsi na kuku. Sikulaumu, kwani safari ile huchosha. Lakini kumbuka kwamba mbele yako limelala Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, na kwamba kuku uliyemwacha Dar es Salaam hana tofauti na huyu.

Nina shauri moja kubwa kwa mtu anayetaka kula vizuri Kigoma na Ujiji: kabla hajakata tikiti, autazame mwezi.

Mimi nililipata somo hilo kwa aibu. Nilifika jioni moja, nikaketi kwa mama ntilie, nikaagiza dagaa wabichi kwa sauti ya mtu anayejua mambo. Mama yule hakunijibu. Alinyoosha kidole kuelekea vilimani, ambako mwezi mpevu ulikuwa umekwisha chomoza, kisha akacheka, na waliokuwa wakila wakacheka pamoja naye.

Sababu ni hii. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za nguvu ya jua. Dagaa huifuata nuru, hujikusanya chini yake, na hapo ndipo wavu huinuliwa. Mwezi ukiwa mpevu, nuru huenea ziwani kote na taa ya mvuvi hukosa nguvu ya kuwaita. Basi wavuvi hupumzika siku kadhaa, wakishona nyavu zao. Kwa hiyo, ndugu yangu, fika wakati wa giza. Amka alfajiri uende mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, uone vyombo vinavyorudi na akina mama wakingoja na mabeseni yao.

Dagaa hawaji peke yao. Yuko mgebuka, samaki mwembamba mrefu ambaye naye huwala dagaa, na ambaye kwa maoni yangu hana mshindani akichomwa kwa chumvi tupu. Yuko sangala, mnene wa nyama. Yuko pia kuhe, ambaye wenyeji humsifu mno. Ukimpata, usimwharibu kwa viungo vingi.

Kitoweo hicho huliwa kwa ugali wa muhogo. Muhogo mchungu una sumu, na ndiyo maana hulowekwa, huanikwa, kisha husagwa. Harufu yake huwashangaza wageni waliozoea sembe. Vumilia matonge matatu ya kwanza. La nne utalitafuta mwenyewe.

Na mchuzi? Pwani mpishi hutia nazi. Huku hutia mawese. Tunda la mchikichi huchemshwa, hutwangwa na kukamuliwa mpaka litoe mafuta mekundu mazito. Rangi hiyo isikutishe. Maharage yaliyoungwa kwa mawese na kitunguu yanatosha kumfanya mtu asahau kuuliza kama kuna nyama, na kisamvu hali kadhalika.

Kutoka Kigoma hadi Ujiji ni mwendo mfupi wa daladala kupitia Mwanga. Ujiji ulikuwa mji wa misafara ya pembe na ya watumwa iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na miembe yake ni ukumbusho wa njia hiyo ya machungu. Burton na Speke walifika mwaka 1858. Kila mgeni huonyeshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, ila ni wachache wanaosimuliwa kwamba habari ile ilikuwa pia ya chakula. Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema akiwa mgonjwa, akakuta bidhaa alizotumiwa zimekwisha kuuzwa zote na mtu aliyekabidhiwa kuzilinda. Stanley alipowasili na mizigo yake, hamu ya kula ilimrudia mzee yule, na yeye aliyekuwa akila mara mbili kwa siku akaanza kula mara nne.

Ukitaka kuipelekea jamaa yako dagaa, usinunue kwa haraka. Wako walioanikwa juu ya mchanga na wako walioanikwa juu ya vichanja. Wa vichanja ni ghali zaidi, lakini hawatakusaga meno. Chagua wenye kung'aa kama fedha na wenye vichwa vyao, kisha uwanuse. Wakati wa mvua uwe mwangalifu maradufu, maana dagaa asiyepata jua huoza upesi.

Sasa nije kwenye jambo zito. Mwezi si kalenda pekee ya ziwa hili tena. Desemba 2021, Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikubaliana kuwa na kipindi cha kulipumzisha, na upande wetu ulifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Uvuvi umezidi. Tena, tangu mwaka 2003 wataalamu wameeleza kwamba maji ya juu yanapopata joto hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba, hivyo chakula cha samaki hupungua. Naukubali uamuzi huo. Hata hivyo, mama anayeanika dagaa mwaloni hana mshahara wa kumvusha miezi mitatu, na nyumba ambayo dagaa ndiyo nyama yake hulipa zaidi sokoni. Kulipumzisha ziwa bila kumfikiria mama huyo ni kazi nusu.

Kwa hiyo ulizia kabla ya safari. Ukikuta ziwa limefungwa, usimshawishi mtu akupatie samaki wa kificho. Mwambie mama ntilie akupakulie maharage ya mawese. Na ukibeba mawese kurudi nyumbani, kaza kifuniko cha dumu na uliweke mbali na nguo, kwani doa lake halitoki.